Wanafunzi wa udaktari walimuuliza mwanangu, nikajibu mimi

Vijana wa humu na wakuu wote, salamu kutoka Rebero, Kigali. Mimi nimeishia darasa la tatu huko Karagwe, atakayecheka maandishi acheke. Ila haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mwanangu Kalisa ana ugonjwa wa akili, mwaka wa tisa huu. Anameza dawa, anafua nguo zake, hapigi mtu.

Mwezi uliopita daktari wake, mama mmoja mtaratibu, akaniambia: "Nina wanafunzi. Vitabu wamesoma, mtu hawajamsikiliza. Kalisa amekubali kuwafundisha."

Nikasema sawa, ila nami nitakuwepo.

Siku ilipofika wakaingia sita ofisini kwa daktari, makoti meupe, karatasi za maswali mkononi. Msichana mmoja akaanza, macho kwangu, akiniita bibi kwa Kinyarwanda.

"Mukecuru, analala vizuri?"

"Analala."

"Anakula?"

"Kukushinda wewe."

(Mwembamba yule mtoto, nisiseme uongo.)

Swali la tano daktari akamkatiza. "Mgonjwa wako ni yupi hapo?" Halafu akanigeukia: "Mama, leo ajibu mwenyewe."

Mimi niliyemzaa ninyamaze!

Kalisa akacheka. "Daktari, ukiweza kumnyamazisha huyu, dawa zako zote nitameza bila maji."

Nikanyamaza.

Msichana akaweka karatasi chini, akamsogelea. "Kaka, siku gani inakuwa ngumu kwako?"

"Siku ya wageni."

"Kwa nini?"

"Mama anawaambia nimesafiri, niko Kampala natafuta maisha. Kumbe niko chumba cha nyuma, nasikia yote. Hata kikohozi nakimeza."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Jamani, huku kwetu ya nyumbani hayatoki nje. Ndivyo nilivyolelewa. Nilijua namficha wasimcheke. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namfukuza nyumbani na yumo ndani.

Nyie mnaosomea udaktari, muulizeni mwenye maumivu, hata kama mama yake ana mdomo kama wangu. Na sisi wazazi tujifunze kukaa kimya, haiui.

Mwenye ndugu wa namna hii aandike hapa chini mnaishi naye vipi, nitasoma yote. Wa matusi apite tu.

Jioni ile niliwaita wote wa nyumbani, hata wajukuu. Nikasema mara moja:

"Jumapili tuna wageni. Geti atafungua Kalisa."