Ubeti wa Goli Saba

Klabu ya Nyota ya Muheto haikuwa na kabati wala makombe. Historia yake ilikaa kifuani mwa Anastasie, mkulima wa maharagwe, mke wa golikipa Michel. Tangu mechi ya kwanza, mwaka 1949, kila mchezo ulipata ubeti wake, na jioni ya mechi hakuna aliyeonja pombe ya ndizi mpaka Anastasie aimbe beti zote, za ushindi na za vipigo, wachezaji wakiitikia. Wenye kiu walimwomba akate njia. Hakukata hata siku moja.

Mwaka 1954 Nyota walikwenda Walikale kwa miguu, Anastasie akiwa nao. Kule msituni mgeni hula kwanza, na kukataa chakula ni kumtukana mwenyeji. Wakapikiwa nguruwe pori kwa mawese. Vijana wa milimani, watu wa maharagwe na muhogo, wakala kama Pasaka haitarudi tena. Michel ndiye aliyepangusa sufuria, jamani! Uwanjani hakuweza hata kuinama. Wakafungwa saba bila.

Wakarudi na maneno mengine mdomoni: wamelogwa. Muheto yote ikakubali, maana aliyelogwa huonewa huruma, aliyevimbiwa huchekwa. Kapteni Edmond akamfuata Anastasie shambani.

“Mama, ubeti wa Walikale useme dawa. Balituloga, kila muntu anajua.”

“Hapana muntu aliwaloga. Mulikula. Nyama njo iliwafunga.”

“Basi tutatafuta mwingine wa kuimba.”

“Mutafute. Lakini mimi nikiimba, nitaimba vile niliona.”

Nyumbani Michel akamgeuzia mgongo. “Weye uko bibi yangu ao uko wa ba Walikale?”

“Niko wako. Njo maana sitakuimbia uongo.”

Mwingine hakupatikana; nani angezikumbuka beti zote hizo? Mwaka mzima Anastasie aliimba, na akifika kwenye goli saba wachezaji walifunga midomo, mumewe akiwa wa kwanza. Ilimuuma kuliko jembe linaloangukia mguu. Akawa anauimba ubeti ule peke yake mpaka mwisho, kisha anaendelea.

Mwaka uliofuata Walikale walikuja Muheto kwa marudiano. Ila maneno yana miguu, yalikwisha kuwafikia. Gustave, kapteni wao, akasimama kando ya uwanja, mzigo ungali begani.

“Hatuwezi kucheza na bantu benye banatuita bachawi. Tunarudi.”

Edmond akatazama viatu vyake. Anastasie akasogea mbele, akaanza wimbo kutoka 1949, bila haraka. Wageni wakasimama kusikiliza. Alipofika kwenye ubeti wa Walikale, kama kawaida, hakuna aliyeitikia. Akakaza roho, akarudia.

Ndipo sauti ikatoka golini.

“Nyama njo ilinifunga! Mimi Michel, nilikula mpaka nikashindwa kuinama!”

Gustave alicheka mpaka akaweka mzigo chini. Ndani yake mlikuwa na nyama ya kukaushwa, zawadi kwa wenyeji. Michel aliitazama kwa uchungu wa kweli, akasema ataila baada ya mechi.

Nyota wakafungwa tena, mbili kwa moja. Jioni Edmond akaanza kunung’unika habari za upepo na jua. Michel akamkatiza, akamgeukia mkewe mbele ya watu wote.

“Anastasie, weka hivi: balitushinda, na tumbo yangu ilikuwa tupu.”