Nilivyoshuhudia Buati za Bruxelles Kanisani

Municheke sasa hivi mumalize, kisha muniache niseme, sababu hii aibu ni yangu na mi ndiye najua kuisimulia vizuri kuliko bale banaoitangaza pale soko ya Baraka.

Mi nasoma Baraka, nimepanga kachumba na mwenzangu Etabo, bazazi bangu bako Kilembwe. Likizo ya Pasaka nilikuwa kwetu kule, lakini yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja anayekaa Bruxelles, akanitumia mapicha: kiwanja kikubwa chenye manyumba ya zamani ya dhahabu-dhahabu, sanamu ya katoto kanakojoa hadharani (batu banapanda ndege kuja kukaangalia, wakati hapa Baraka batoto banafanya hivyo bure kando ya ziwa), na buati za kucheza muziki usiku zenye mataa ya rangi zote. Nikaziweka kwenye statut ya simu yangu batu bote bazione, nikaandika tu chini: "Bruxelles ni tamu!" Sikusema niko pale. Sikusema siko.

Kurudi Baraka, darasa lote likaniita Mubelji, nikaitika (ungekuwa we ungekataa?). Kumbe sifa inakimbia kuliko pikipiki, Jumapili ilinitangulia kanisani! Na kwetu iko desturi: mwenye kutoka safari anasimama, anasalimu kanisa, anashukuru Mungu. Sasa mi ndiye mupiga ngoma wa kwaya, na kwaya ilikuwa karibu kwenda kuimba Uvira, safari niliyoiota mwaka muzima, basi nimekaa pale mbele kabisa na ngoma zangu, batu bote bananiona, Pasta anashika maikro:

"Nasikia mupiga ngoma wetu ametoka Bulaya. Simama, mwanangu, utusalimie."

Nikasimama. Ningeweza kusema "Bwana asifiwe" nikae, lakini mi maikro nikiipata siiachi. Nikaanza na yale manyumba ya dhahabu, batu bakasema amina. Nikaleta katoto kanakojoa, bamama bakacheka mpaka bakafuta machozi. Zile amina zikanilewesha, nikapita moja kwa moja mpaka usiku: "Wapendwa, kule hakulalwi! Ukitoka buati hii, ile ingine inakuita, mi nilicheza mpaka viatu vikaomba huruma!"

Hakuna amina.

Ibada kuisha, bazee ba kanisa bakaniita ndani ya bureau. Mzee Alimasi, ambaye nidhamu yote ya kanisa iko mikononi mwake, hakunipa hata kiti.

"Mucheza buati hagusi ngoma ya Bwana. Kwaya itaenda Uvira bila we."

"Mzee, mi sikucheza!"

"Umesema mwenyewe, na maikro."

"Mzee, hata Bruxelles sijafika. Nilikuwa kwetu Kilembwe."

"Iko nani anaweza kushuhudia?"

Etabo (kwaya yote ilikuwa imejaza dirisha, yeye mbele) akapiga kelele: "Bamupigie mama yake!" Pasta akapiga simu, akafungua sauti kubwa ili bazee bote basikie.

"Bulaya gani, Pasta?" mama akasema. "Huyu likizo yote alikuwa anafukuza ndege kwenye mupunga yangu. Na ndege bamekula nusu, sababu yeye alikuwa analala!"

Dirishani batu bakaangukiana kwa kicheko. Mi sikujali, Uvira ilikuwa imerudi mikononi mwangu, nikanyoosha shingo kama avoka aliyeshinda kesi:

"Bazee, mumesikia? Sikucheza!"

Mzee Alimasi akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli, hukucheza. Basi umedanganya kanisa mbele ya Mungu. Na hiyo, mwanangu, ni mbaya kupita kucheza."

Kwaya ilienda Uvira. Ngoma alipiga Etabo, mutu ambaye hata kupiga hodi anakosa mapigo, na banasema bale ba Uvira balimupigia makofi.

Basi nimeapa. Siku hizi Pasta akiuliza nani ametoka safari, mi nabaki kwenye benchi kama nimegundishwa, hata kama nimetoka Fizi asubuhi ile, hata kama nimetoka chooni tu.