Mama Utepe na Vipimo vya Watu

Kabla sijaanza, mnijue. Mimi ndiye mpiga pasi bora mjini hapa, na kama yupo anayebisha, alete shati lake nimwaibishe nalo. Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa amani, haikunililia na mimi sikuililia. Kipaji changu kingine ni kuiga sauti. Nikikusikia mara moja nimekubeba: mwenye nyumba anavyodai kodi, daktari anavyokohoa kabla ya kutaja bei, wote ninao kooni. Jina langu la kazini ni Mvuke. Shemeji anasema si kwa sababu ya pasi, ni kwa sababu nina maneno mengi ya moto yasiyoshikika.

Huyo shemeji ndiye ninayetaka kumweleza leo. Mke wa marehemu kaka yangu. Watu wanamwita Mama Utepe.

Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara. Ndani mna cherehani tatu. Moja ya shemeji. Moja ya Vifungo, mama kijana anayetoboa na kushona matundu ya vifungo, na mtoto wake analala miguuni pake kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Ya tatu mbovu, tunaitundikia makoti. Kona ya ndani kuna pazia, na mimi niko dirishani na pasi yangu, mfalme wa joto.

Sasa sikieni jinsi anavyopima. Futi ya kupimia ipo, imening'inia ukutani, haishiki. Yeye anachukua utepe mwembamba aliokata kwenye mabaki, anakuingiza nyuma ya pazia, anakuzungushia, na penye kifua anautia mkasi kidogo ukingoni. Penye kiuno, hivyo hivyo. Nyonga, mkono, urefu. Hataji namba. Hakuna anayesikia kitu zaidi ya mkasi, kwacha, kwacha. Nguo ikiisha anakukabidhi nguo na utepe wako juu yake.

"Chukua vipimo vyako," anasema. Kwa kila mtu, neno hilo hilo.

Nilimchokoza siku moja. "Shemeji, si uvitunze tu? Akirudi tena unaanza upya, biashara gani hiyo?"

"Akirudi nitampima tena. Mtu habaki vile vile, Mvuke. Hilo tumbo lako la mwaka jana lilikuwa la mtu mwingine kabisa."

Vifungo alicheka mpaka mtoto akaamka.

Chanzo chake alinisimulia mara moja tu. Alipokuwa anajifunza kazi, fundi wake alikuwa akipima watu barazani na kutangaza namba kama yuko mnadani, ili mwingine aandike. Akaja bibi harusi mmoja mnene. Fundi akataja kiuno, baraza zima likapiga mbinja. Yule dada alitoka analia, na gauni hakurudi kulichukua. Shemeji ndiye aliyelifumua lile gauni. Anasema kila uzi aliouvuta aliona aibu kama ya kwake.

Basi alipokuja kuwa na karakana yake, namba ikawa haitajwi. Na lilipokuja suala la simu, alilishona kwa mshono ule ule.

Sisi tunashona sare na shuka za hospitali ya hapa, kwa hiyo wateja wetu wengi ni wauguzi. Shemeji alifungua kundi kwenye simu, akaliita Sindano. Wateja waliuliza nguo zao humo, halafu kama ilivyo kawaida ya watu wakishakaa pamoja, wakaanza kusema na mengine: maji hayatoki, mtoto haelewi hesabu, mume fulani karudi nyumbani na viatu visivyo vyake. Shemeji aliliweka kundi lile ili ujumbe ukae wiki moja ujifute wenyewe. Nikamwambia anapoteza vichekesho vyangu, maana nilikuwa natuma sauti kupitia simu ya Vifungo. Ya kwangu ni ya tochi na haina matatizo. Akasema, "Waliocheka wameshacheka. Unataka na wajukuu wakuhukumu?"

Kitu kimoja tu hakukifuta kwenye simu yake, nje ya kundi, peke yake. Sauti za kaka.

Kaka alikuwa dereva wa malori. Alikuwa anamtumia shemeji sauti akiwa safarini, si za mambo makubwa. Ile shemeji aliyoisikiliza zaidi ilikuwa ya soksi. "Mama weee, soksi zangu za kijivu umezificha wapi? Nimevaa moja nyeusi moja ya kijani, hapa kwenye mizani wanaona wamepata sinema." Basi. Akamalizia kwa kucheka na kukohoa, kikohozi kile kile kilichokuja kumchukua. Tangu azikwe, shemeji huisikiliza asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Nami nikiwa natia maji pasi, nasikiliza kwa kuiba. Kuna watu wanasema sauti unaweza kuzihifadhi juu mawinguni. Sisi wingu tunalolijua ni la mvua.

Halafu ikatangazwa kanuni mpya redioni. Kila mwenye kundi kwenye simu atawajibika kwa kila neno linalosemwa humo, na akiulizwa nani kasema, ataje. Vifungo aliacha kushona. "Mama Utepe, lifunge tu kundi."

"Nikifunga, watakwenda kuongea wapi?"

"Wanyamaze."

"Wewe unaweza?" shemeji akamuuliza, na wote tulijua hawezi.

Wiki ile ile muuguzi mmoja akatuma picha humo. Wodi ya wazazi, giza totoro. Huoni sura ya mtu. Unaona mkono umeinua simu, na kwenye duara la mwanga wa simu ile, mikono mingine inampokea mtoto. Chini ameandika: "Tangu jenereta life, hivi ndivyo tunavyozalisha. Niombeeni mikono isitetemeke." Karakana ilinyamaza. Hata mimi, na hilo liandikwe mahali.

Muda mfupi baadaye, Vifungo naye akaandika ya kazi: "Mkubwa kafika. Kesho asubuhi tunampasua katikati. Kila mtu aje na mkasi wake."

Hapa niwaeleze wasioshona. Jora la kitambaa cha shuka za hospitali, lile linalobebwa na watu wawili, sisi tunaliita Mkubwa. Kazi ikiwa nyingi tunaita na mafundi wa jirani, tunalitandaza, tunalipasua katikati kwa urefu, kila mtu anachukua upande. Tumeliita Mkubwa miaka yote. Hatukuwa na habari kwamba kesho yake hiyo hiyo kiongozi mmoja mzito angefika kuitembelea hospitali.

Kuna mtu kwenye kundi akapiga picha kioo cha simu yake, ile picha ya wodi na maneno ya Vifungo chini yake, akaituma nje. Labda alikasirika tu, alitaka watu waone. Jina la aliyetuma picha ya wodi lilikuwa limekatika juu, la Vifungo likabaki linaonekana. Ikazunguka mji mzima.

Walikuja asubuhi, gari mbili. Mkubwa yuko mezani, nusu keshapasuliwa. Walimkuta shemeji kashika mkasi, nikawaza, shemeji, ungeshika hata ufagio. Waliichukua simu yake kwanza kabla hawajauliza kitu. Afisa wao nilimfahamu, na shemeji pia. Aliwahi kuja kwetu kupanuliwa suruali kiuno.

"Mkubwa ni nani?" akauliza.

Vifungo akaonyesha meza kwa kidole. "Ni huyu, afande."

Afisa akaangalia jora. Mmoja wa vijana wake akaliinua kidogo akachungulia chini yake, nadhani alitegemea kumkuta mtu. Nikajikaza nisicheke mpaka mbavu zikauma. Kama ingeishia hapo, ningekuwa nawasimulia kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kusimulia, na vyangu ni vizuri.

Haikuishia hapo. Kwenye jora walielewa. Walichokuja kukitafuta sasa kilikuwa kile cha juu yake: nani kapiga picha ya wodi.

Shemeji akapakiwa. Nikaruka na mimi. "Wewe ni nani?" wakauliza. Nikasema, "Mimi ndiye mkubwa wa familia." Neno lilikuwa limeshatoka. Kijana mmoja alinitazama kwa muda mrefu kabla hajanisogezea nafasi.

Njia nzima taarifa ikawa imeshatutangulia. Watu walitoka kwenye kundi na kufuta mmoja mmoja, na yule muuguzi akafuta na yake. Mpaka tunafika kituoni, picha yenye jina lake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye simu ya shemeji, ambayo askari waliikata mtandao walipoichukua, na simu ilikuwa imefungwa kwa namba za siri anazozijua mwenyewe.

Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Afisa aliiweka simu katikati ya meza.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Huyo mtu katoa siri za hospitali na kuichafua serikali. Fungua hapa, nione jina, uende ukashone."

"Vipimo vya watu sitoi, afande."

"Vipimo gani? Nakuuliza jina."

"Ni kitu kimoja."

Akavuta pumzi. "Na kwa nini mmeweka ujumbe ujifute? Mtu asiye na cha kuficha anafuta nini?"

Shemeji alimtazama kwa upole, ule upole anaomtazama nao mtu anayejinyoosha ili tumbo lisionekane. "Ulipokuja kwangu kupimwa, ulivuta pazia mwenyewe. Ukashika ncha mbili ukaziunganisha ili pasibaki hata upenyo. Ulikuwa unaficha uhalifu gani?"

 Afisa alishika mkanda wake, akauachia. Mimi nilishapanga kushangilia. Nilidhani tumeshinda, kwa sababu nilikulia kwenye vichekesho, na kwenye vichekesho mtu akikosa jibu ndiyo mwisho.

"Mama," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu aliyechoka, "usipofungua, hii inakuwa kidhibiti. Kesi za namna hii zinakaa. Huioni tena leo wala mwakani. Na huko juu wakijaribu kuifungua kwa nguvu, inaweza kujifuta yote. Humo hamna chako unachokihitaji?"

Shemeji aliitazama simu. "Mna sauti ya mume wangu."

"Marehemu?"

"Marehemu."

"Ipo mahali pengine?"

"Haipo."

"Basi fungua. Jina moja tu. Nakuapia, unaondoka na simu yako na sauti ya mumeo."

Nikamwona kidole chake kinasogea mezani. Nami nasema ukweli mbele yenu, moyoni nilikuwa nasema fungua. Kaka yangu yumo humo. Yule muuguzi simjui hata sura. Fungua, shemeji. Ulimi wangu, huu unaojua kila kitu, ulikuwa umeganda.

Kidole kiliigusa simu, kikaisukuma taratibu mpaka upande wa afisa.

"Iandike kidhibiti," akasema.

Walimweka ndani. Karakana wakaitia mnyororo na kufuli, na Vifungo akawa anatoboa matundu yake nyumbani, mtoto mgongoni. Shemeji alipotoka kwa dhamana alikuwa amekonda, mimi nikamwambia sasa tunahitaji utepe mfupi, akatabasamu kwa adabu tu. Kesi haijaisha. Inaitwa, inaahirishwa. Simu iko huko, kwenye bahasha, na hakuna anayetuambia kama bado ina kitu ndani au imeshakuwa kipande cha kioo.

Hospitali ililetewa jenereta. Wakasema lilikuwa njiani siku zote.

Tulipofunguliwa tena, wateja walirudi kwa woga, kisha kwa kawaida. Kuna muuguzi alikuja kushonewa sare. Sikumjua, na sitaki kumjua. Walikaa nyuma ya pazia muda mrefu kuliko kupima kunavyohitaji, na mkasi ulichelewa kusikika. Sare ilipoisha, shemeji alimkabidhi, na utepe juu yake.

"Chukua vipimo vyako."

Yule mwanamke aliushika kwa mikono miwili.

Lakini asubuhi zilikuwa na kasoro. Shemeji alikuwa akifika, anafungua mlango wa bati, anasimama karibu na cherehani na kuinua mkono kuelekea mfukoni mwa gauni, halafu mkono unarudi. Kila siku hivyo. Mimi namimina maji kwenye pasi, najifanya sioni.

Siku moja akasema, bila kunigeukia, "Mvuke. Wewe si unajidai unaiga watu wote?"

"Sijidai. Ndivyo ilivyo."

"Basi sema ile ya soksi."

Nimeiga wenye vyeo mpaka watu wakageuka kupiga saluti. Sikuwahi kushindwa. Safari hii nilisafisha koo mara tatu kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. Nikaanza. Mama weee, soksi zangu za kijivu umezificha wapi. Nikafika kwenye ile nyeusi na ile ya kijani, nikafika mizani, nikacheka pale anapocheka. Kukohoa nilishindwa, kulikuja kwenyewe kama kukohoa kwangu.

Vifungo alikuwa amesimamisha cherehani. Shemeji aliweka viganja juu ya kitambaa.

"Pale kwenye 'weee'," akasema, "alivuta zaidi."

"Nivute?"

"Vuta."

Nikaivuta.