Kanda Nne za Mama Justa

Mihayo alifariki mwezi wa nne mwaka 1997. Malaria ilimpanda kichwani akiwa njiani kutoka Isaka. Wakati huo Apolonia alikuwa ameishi naye miaka tisa. Walikutana Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, Apolonia akiwapikia wachimbaji ugali na maharage, Mihayo akiendesha lori la mfanyabiashara wa pamba aitwaye Dilip. Baadaye wakahamia Shinyanga mjini, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Kambarage, wakamzaa Justa.

Kanisani hawakufunga ndoa. Mahari ilitoka, ng'ombe kumi na wawili, lakini Mihayo aliwanunua huko huko Geita kwa jasho lake. Hakuna hata mmoja aliyetoka zizi la nyumbani kwao. Waliokwenda kuwakabidhi ni baba yake na mshenga, na wote wawili walikwisha kufa.

Siku ya kuondoa matanga, Donatus, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya ndugu.

"Nyumba hii ni ya ukoo," alisema. "Huyu mama tunamheshimu, lakini alikuwa akimpikia ndugu yetu kule machimboni, wakazoeana. Sisi hatujui mahari. Na bila mahari, mtoto naye ni wa upande wa mama yake. Tumpe nauli arudi kwao Geita."

Apolonia alikuwa ameketi mkekani. Hakulia.

"Mahari ilitoka, shemeji. Kaka zangu wapo, waulizeni."

"Hao ni watu wako. Watasema unachotaka waseme."

Mzee Mageni, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa ametoka kijijini mbali na hakutaka kuonekana anampendelea mtu. Alimuuliza Apolonia kama ana shahidi mwingine.

"Ninaye, baba. Picha za video zipo. Kuna watu waliotupiga picha."

Watu walitazamana. Mzee Mageni akasema, "Nakupa wiki tatu. Lakini tutakaa mara moja tu, na mimi sitashinda hapa kutwa nzima natazama harusi za watu."

Kesho yake asubuhi Apolonia alikwenda dukani kwa Dilip. Dilip alikuwa na kamera ya video tangu zamani, na siku ya kupeleka ng'ombe alifuatana na dereva wake kwa sababu alitaka kuona jinsi Wasukuma wanavyotoa mahari. Aliikumbuka kanda aliyoirekodi siku ile. Alimwita mkewe, Aarti, naye akaitoa kabatini akiwa na uso wa aibu.

"Mama Justa, samahani. Nilirekodi sinema juu yake. Sikujua ina nini."

Waliitazama pale pale, sebuleni nyuma ya duka. Saa nzima na zaidi ilikuwa sinema ya Kihindi, watu wakiimba milimani. Apolonia hakunyanyuka. Sinema ilipokwisha, kioo kikajaa chenga, halafu zikatokea pembe. Ng'ombe walikuwa wanapita mlangoni mwa zizi la baba yake Apolonia, na sauti ya baba yake Mihayo ikihesabu: saba, nane, tisa. Zilibaki dakika mbili tu.

"Zinatosha," Apolonia alisema.

Kanda ya pili aliifuata Geita, kwa Davis, mnunuzi wa dhahabu ambaye Mihayo alimsimamia harusi mwaka 1994. Davis alikuwa amehama, akahama tena, na Apolonia alitembea kambi tatu kwa miguu akiulizia. Alipompata, Davis alikubali kumwazima kwa siku nne. Ya tatu aliipata Isaka kwa karani wa mizigo aliyefanya sherehe ya kuagwa, ambayo yeye na Mihayo walialikwa. Ilikuwa na ukungu na deki ya video ya karani ilikataa kuimeza, lakini Apolonia aliichukua hivyo hivyo.

Ya nne ndiyo ilikuwa ngumu. Ilikuwa kanda ya komunyo ya kwanza ya Scolastika, binti wa Donatus mwenyewe. Apolonia alikwenda saa ambayo Donatus huwa kazini, akamkuta mke wake, Asteria, anapepeta mchele. Alimweleza anachotaka bila kuzunguka. Asteria aliendelea kupepeta kwa muda mrefu.

"Akijua atanifukuza," alisema hatimaye.

"Najua, mwenzangu. Ukikataa sitakulaumu."

Asteria aliingia ndani, akarudi na kanda ameivingirisha kwenye kitenge. "Irudi kesho kabla ya saa tisa," alisema.

Mjini, mwenye deki mbili alikuwa Nazia, binti wa Kihindi aliyekuwa akikodisha kanda za sinema. Apolonia alimwekea zile nne mezani.

"Nataka ziwe moja. Lakini sitaki zote. Nataka pale tu alipo mume wangu na mimi."

Nazia alifungua ile yenye ukungu kwa bisibisi ndogo, akaipangusa polepole kwa pamba yenye spiriti. Aliunganisha deki kwa waya, moja ya kucheza na nyingine ya kurekodi, akamweleza Apolonia kwamba wakichelewa kubonyeza hata kidogo, kipande kitaingia na takataka. Wakaanza na ng'ombe, kisha miaka ikafuatana. Kazi ilikuwa katikati umeme ulipokatika. Uliporudi, pale ulipokatikia palikuwa na mikwaruzo.

"Picha bado zinaonekana," Nazia alisema. "Tuache?"

"Hapana, dada. Wataniambia nimekatakata kuficha kitu. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Kesho yake saa nane na nusu kanda ya Asteria ilikuwa imerudi kwenye kitenge chake, na nyumbani kwake.

Siku ya kikao, Nazia alileta televisheni na deki kwa teksi. Ndugu walikaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani. Kanda nzima ilikuwa dakika ishirini na tatu. Ng'ombe walipotokea, Mzee Mageni aliisogelea televisheni. Ilikuwa sauti ya kaka yake, aliyezikwa miaka sita nyuma. Akaomba irudishwe, wakairudisha. Alihesabu naye kwa midomo mpaka kumi na mbili.

Harusini Geita, Mihayo alishika kipaza sauti akasema, "Mimi ni Mihayo, na huyu ni mke wangu, Apolonia." Sherehe ya Isaka ilipita. Kisha ikaja komunyo. Donatus alionekana amevaa suti ya kijivu, anapokea kitenge cha zawadi, anasema mbele ya wageni wote, "Namshukuru shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, na Mungu awatunzie ndoa yenu."

Donatus alimwangalia mkewe. Asteria hakuinamisha kichwa.

"Ng'ombe sikuwajua, kweli," Donatus alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Lakini mke ulimjua," Mzee Mageni alijibu. Akageukia ndugu. "Mahari nimeihesabu mwenyewe. Nyumba ni ya mama huyu na mtoto wake. Justa ni wetu."

Donatus aliondoka bila kula, na kwa mwaka mzima hakukanyaga Kambarage. Asteria hakufukuzwa, ingawa maneno aliyoyasikia wiki ile hakumsimulia mtu. Apolonia alipangisha chumba kimoja, katika kingine akafungua mgahawa unaotazama barabara. Justa alianza darasa la kwanza mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, kwa jina la Justa Mihayo, na mama yake ndiye aliyelitamka dirishani kwa mwalimu aliyekuwa akiandikisha, akalirudia ili lisikosewe.