Cherehani ya Mtu Aliyeghairi Kufa

Fundi makochi alimtuma jirani aniite nikanunue cherehani yake. Mimi nauza vyombo vilivyokwisha tumika, na mwenye haraka ya kuuza ndiye rafiki yangu. Tangu amzike mkewe, mzee huyu alikuwa hapiki wala hashoni. Suruali ilimpwaya kama ya kuazima.

"Taja bei yoyote," alisema, "ila uichukue nikishazikwa. Hutangoja sana."

"Sana ni lini, mzee? Gari la mizigo hukodiwa mapema."

Akacheka kidogo. Nikalipa bei ya kutupa, nikaenda zangu nimeridhika.

Haukupita muda, mashemeji zake wakamletea mama mkwe, bibi asiyeweza kuinuka kitini bila mkono wa mtu. Kila mmoja wao alidai nyumba yake ina ngazi. Nilipopita kuikagua mali yangu, nikasikia zogo jikoni.

"Uji huu umeupika au umeuloweka?"

"Mama, kunywa kwanza, utanisema baadaye."

"Kunywa wewe. Jana nusura uniangushe. Mikono gani hiyo, kama vijiti vya mishikaki?"

Mzee akanywa. Mwenye njaa hawezi kumnyanyua mtu mzima; hesabu hiyo haihitaji mganga.

Niliporudi safari nyingine, alikuwa amenyoa ndevu na mashavu yamerudi. Alikuwa amemshonea bibi mto mnene wa kukalia na mkanda mpana wa kumwinulia. Cherehani ilikuwa inanguruma. Cherehani yangu.

"Mzee, ile safari yako vipi?"

"Nimeiahirisha. Nikiondoka, huyu ataogeshwa na nani?"

Bibi akadakia kutoka kitini: "Na mimi siendi popote. Mwambie akatafute maiti mtaa wa pili."

Nilicheka hadi nikajitupa kwenye kochi lililokuwa karibu, na hapo nikaanza kulipapasa. Kochi lilikuwa kuukuu, lakini alikuwa amelivika kitambaa kipya, nami nilikuwa nimekalia kitu cha kuuzika.

"Nikikuletea mabovu, utayavika?"

"Nitayavika. Ila bei yangu si ile ya msiba."

Tulivutana mpaka bibi akatuamulia bei, akachukua upande wa mkwewe.

Basi mimi nimeikosa cherehani niliyoilipia, lakini makochi yangu hugombewa kabla hayajashuka garini. Mzee amepoteza pumziko alilolitamani. Huitwa kwa sauti kabla hajavaa malapa, naye huitika huku akipiga mluzi. Bibi hakutoa hata shilingi, na kapata mtu wa kugombana naye kutwa nzima.