Mnyama wa Miguu Mirefu Katika Banda la Uyoga

Baba yangu alizaliwa Poli, upande wa mlima ambako baridi huingia mapema, na mama yangu alizaliwa Akeri, katikati ya migomba ya baba yake. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, na hapa hayahitajiki. Andika tu kwamba hawakusoma, nami sikusoma, na kwamba kazi iliyonilisha utu uzima wangu wote ilikuwa ya josho la ng'ombe. Nilisimama kando ya josho miaka mingi nikikagua kupe masikioni na chini ya mikia, kabla mnyama hajatumbukizwa kwenye dawa. Kaa wima. Andika herufi kubwa; nataka kuziona hata kama siwezi kuzisoma.

Leo nina moyo mwepesi, na sababu yake ni mnyama mdogo kuliko mbegu ya mchicha.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Sekei mama yako, mke wa mwanangu, ana banda la uyoga. Alilijenga mwenyewe baada ya kazi yake ya hotelini kwisha. Ndani yake amening'iniza mifuko ya nailoni iliyojaa majani makavu ya migomba yaliyochemshwa, na uyoga hutokeza kwenye matundu ya mifuko kama masikio ya mtu anayesikiliza mlangoni. Hana kazi nyingine. Hilo uliandike wazi, kwa maana banda lenyewe lilikuwa karibu kupotea kwa neno langu mimi.

Majuma machache yaliyopita mdogo wako, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, alianza kutoka vipele. Kila asubuhi vilikuwa vipya, shingoni na tumboni, na kila kipele kilikuwa na kitone chekundu katikati. Hospitali walisema kuna kitu kinamuuma, wakatupa dawa ya kupaka, wakatuagiza tukitafute kitu hicho nyumbani. Nilikitafuta. Niliingia bandani, nikainamisha uso kwenye mfuko wa kwanza, nikawaona: wanyama wadogo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, wenye miguu mirefu kupita kiasi, wakitawanyika kila nilipowapulizia pumzi.

Sikungoja. Niliwaita watu wote wa nyumba uani, nikasema, "Hawa ni ndugu wa papasi." Papasi ninyi hamkumjua, zamani alijificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, akawanyonya watu damu na kuwaachia homa. "Banda lichomwe moto."

"Baba, hao hawaumi," mama yako akasema. "Nashinda nao kutwa nzima. Tazama mikono yangu."

"Aliyeumwa si wewe."

"Basi nipe hadi Jumamosi. Si wewe, baba, unayetuambia kila siku kwamba kupe hahukumiwi mpaka ageuzwe tumbo? Hawa umewageuza?"

Bibi yako, aliyekuwa akichambua maharage, alicheka bila kuinua kichwa. "Mjibu, hakimu. Au sheria ile ilikuwa ya ng'ombe tu?"

Nilisema Jumamosi, na baada ya Jumamosi kiberiti.

Ndipo wewe ulipokwenda Kijenge kwa fundi saa, ukaazima ile lenzi yake ya kubana jichoni. Uliiweka mbele ya kamera ya simu, ukamweka mnyama mmoja juu ya karatasi nyeupe, na mimi nikamwona akiwa mkubwa kama punje ya hindi. Andika nilichokiona, wala usiongeze kitu ulichokisikia kwingine.

Mwili wake ni kifuko kimoja. Siafu amebanwa kiunoni, buibui amegawanyika sehemu mbili, lakini huyu hana kiuno wala shingo, kama vile kupe asivyo navyo. Ngozi yake ni laini, yenye vinywele vya kuhesabika. Mgongoni ana mstari mweupe unaogawanyika kama njia panda. Kisha nikahesabu miguu. Nilihesabu sita, na mbele yake pembe mbili, ndefu mara tatu au nne ya mwili wenyewe, ambazo alizipunga hewani kushoto na kulia kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

"Miguu sita na pembe mbili," nikatangaza. "Huyu ni mdudu, wa upande wa siafu. Hana undugu na papasi."

Mama yako alishusha pumzi, na bibi yako akarudi kwenye maharage yake.

Lakini mtu wa josho hahesabu mara moja. Nilikwambia usogeze lenzi, na nikiwa nimetazama kwa muda, nikaona kwamba zile pembe hazikuota kichwani. Zilitoka ubavuni, kwenye safu moja na miguu mingine, na zilikuwa na viungo vilevile vya kukunjia. Alipofika ukingo wa karatasi aliishusha moja, akaushika ukingo kwa kucha. Pembe haina kucha. Ilikuwa miguu, nayo jumla yake ilikuwa minane: sita ya kukimbilia, miwili ya kupapasia njia.

"Nimekosea," nikasema, na neno hilo halinitoki kwa urahisi. "Ni minane."

"Minane ina maana gani, baba?"

"Ina maana ni ukoo wa kupe, papasi, utitiri, buibui na nge. Ukoo ni huo huo niliousema siku ya kwanza."

Wewe ulinionyesha wengine wadogo zaidi waliokuwa na miguu sita kweli, ukidhani utamwokoa mama yako. Nikakwambia kwamba hata mtoto wa kupe hutoka yaini na miguu sita, na ile miwili huipata akishajivua ngozi. Ushahidi wako uliwarudisha kwenye ukoo uleule. Mama yako alishika kanga yake kwa mikono miwili. Nilimwona, na sikupendezwa na nilichokuwa nikimfanyia.

Bibi yako akaacha maharage yake. "Mzee, na mjomba wako aliyeiba ng'ombe je? Mbona hatukukuchoma wewe?"

Mama yako akacheka kwa kujizuia, nami nikajifanya sikusikia. Lakini lilikuwa neno la haki. Ukoo unakwambia uanzie wapi kutazama. Haukwambii mnyama amekula nini. Basi tukamgeuza tumbo. Kupe ana mdomo uliochongoka, wenye meno yanayotazama nyuma kama ndoana, na ndiyo maana ukimvuta haachii. Huyu hakuwa na msumari wa namna hiyo. Alikuwa na vitu viwili vidogo vya kushikia chakula, kama vidole vya mtu anayebana chumvi. Bado sikuridhika. Nilichukua kumi, mmoja mmoja, kutoka mifuko mbalimbali, nikawaponda kwenye karatasi nyeupe kwa ukucha. Mnyonya damu hawezi kuficha alichokula. Wote kumi waliacha unyevu tu, kama jasho la kidole, na ulipokauka karatasi ikabaki nyeupe.

Nilihisi kifua kikifunguka. Ila mtoto alikuwa bado anaumwa, na ikiwa si hawa, basi ni nani?

Asubuhi iliyofuata, kabla kitanda hakijatandikwa, nilikunjua pindo la godoro la mdogo wako kwa mikono yangu. Mle ndani nilikuta wanyama wa aina nyingine: wanene, wa miguu mifupi, wengine wa kijivu na wengine wekundu. Nikamponda mmoja mwekundu kwenye upande wa pili wa karatasi ileile. Damu. Nikaponda wa pili. Damu. Nikafuata walikotoka, nikakuta ufa kwenye ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta ule ni stoo, na ndani ya stoo kuna tenga, na ndani ya tenga amelalia kuku wangu.

Niandikie hili bila kulilainisha. Kuku yule nilimwingiza ndani mimi, baada ya kicheche kumaliza mayai ya kwanza, na nilikataza asiguswe na mtu yeyote. Ulikuwa utitiri wa kuku, na ulipita ufa kila usiku kwenda kunywa damu ya mjukuu wangu wakati mimi nikinoa maneno dhidi ya banda la uyoga.

Amri niliitoa mbele ya watu wote, kwa hiyo niliwaita tena uani.

"Banda halichomwi," nikasema. "Linalochomwa ni tenga langu."

"Na kuku, baba?" mama yako akauliza.

"Atalalia nje, kwenye banda lenye mlango."

"Pole yake," akasema, "na pole yako, baba," lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya mtu aliyerudishiwa kitu. Bibi yako alitaka niseme zaidi. Nilisema zaidi. Hayo ni yangu na ya mama yako, wewe usiyaandike.

Tulichemsha mashuka, tukaziba ufa kwa chokaa, tukaanika godoro juani siku tatu. Vipele vya mdogo wako vilikauka, na havikurudi. Jana nimemwona akitambaa kifua wazi, ngozi yake safi kama ya siku aliyozaliwa, nami nilikaa mlangoni nikimtazama mpaka chai yangu ikapoa.

Sasa sikiliza la kutunza. Karatasi ile usiitupe: upande mmoja hauna doa, upande wa pili una madoa mawili. Itie kwenye mfuko wa nailoni, kisha ndani ya daftari hili. Wachukue wanyama watatu wa miguu mirefu, uwatie kwenye kichupa chenye spiriti, uandike juu yake walikotolewa, ukiweke mahali ambapo mdogo wako hafiki. Kupe usinitunzie, hao niliwatazama vya kutosha joshoni. Lenzi si yetu. Irudishe Kijenge kesho, na umwamkie yule fundi vizuri.