Sindano ya Juu ya Duka la Viatu

Brashi alikuwa mchora mabango, na mkono wake wa kulia ulikuwa haukosei. Herufi ndefu kama mtoto alizichora bila rula, huku akipiga mluzi. Ngazi ilipoteleza akaangukia kichwa, alilazwa wiki saba. Alitoka mkono ule umelegea kama kitambaa, na maneno yakimtoka moja moja.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alimchukua kwake. Alimwachia chumba cha mbele, cherehani akaihamishia jikoni. Daktari wa hospitali kuu alimweleza dada kwamba kuna utafiti unakuja wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Walitaka kuona kama zitasaidia ubongo ulioumia.

"Hatujaanza kuandikisha wagonjwa, mama. Vuta subira, mazoezi yaendelee."

Subira ilimshinda. Mteja aliyekuja kupunguziwa gauni alimtajia kliniki moja ghorofani, juu ya duka la viatu, ambako seli hizohizo zilidungwa bila foleni. Jumatatu asubuhi dada alimvalisha mdogo wake shati safi, wakaenda. Mlangoni Brashi aligoma.

"Ni... nini?"

"Dawa tu. Hebu twende, wanatusubiri."

Mtu mwenye koti jeupe alimdunga mgongoni dawa ya kichupa kisicho na maandishi. Brashi aliugua homa siku tatu, basi. Mkono ukabaki vilevile. Haukupita muda, kliniki yenyewe ikafungwa, wenyewe hawajulikani walikokwenda.

Mwaka uliofuata hospitali kuu iliwaita. Daktari alimpima Brashi, akatazama picha za ubongo, uso ukamchangamka. Kisha akauliza, "Ameshawahi kudungwa seli zozote kwingine?"

Kusema hapana kulikuwa rahisi. Dada akasema ndiyo.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hatujui walimwekea nini. Nikimwingiza kwenye utafiti, nitamhatarisha. Pole sana, mama."

Kwenye benchi la ukumbini dada aliangua kilio. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka upone upesi."

Brashi akasema, akilisukuma neno kwa nguvu zote, "Hu... kuniuliza."

Bora angemfokea. Ni kweli, tangu atoke hospitali hakuna aliyemuuliza lolote, wakati kutikisa kichwa alikuwa anaweza siku zote.

Huenda tiba ile isingemfaa. Daktari mwenyewe alikiri hajui. Ila nafasi ya kujaribu aliipoteza dada, na hilo humjia hata akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Brashi bado huenda mazoezini mara mbili kwa wiki. Kwa mkono wa kushoto sasa anaandika maneno mafupi, herufi zimelala upande. Dada huyasoma yote, kisha huuliza, "Leo tufanyeje?" na kungoja, hata jibu lichukue dakika nzima.